Kichochoro Nyuma ya Maegesho

Jumamosi mchana, mama yake akikaanga buni sebuleni, Meklit alimaliza kuunganisha msaidizi wa akili mnemba na madokezo yake. Yalikuwa mengi kweli kweli. Tangu aanze kazi ya kuandika programu za kompyuta, kila lililompitia alilitia kwenye simu: nani kagombana na nani, nani anauza nini, mbwa wa nani anauma. Mengi yalihusu Wanza Sefer, mtaa aliokulia, ambao jiji liliubomoa kupisha maghorofa kama hili walilokaa sasa. Majirani wengi walitupwa huko pembezoni mwa Addis Ababa.

Kwa kujaribu tu, akauliza shiro nzuri, unga wa dengu wa kupikia mchuzi, ataipata wapi.

"Kwa Etete Zewditu," sauti ikajibu. "Shuka ngazi, pita maegesho ya magari, ingia kichochoro cha kushoto. Nenda na bakuli lako. Mifuko ya plastiki haitaki."

"Imekosea," Meklit alisema. "Imesoma mambo ya zamani ikadhani ni ya leo."

"Wewe chukua bakuli," alisema mama yake, Etagegnehu, akaipua buni.

Wakashuka. Nyuma ya magari kulikuwa na kichochoro, na mawe yake yaleyale ya kuteleza. Etete Zewditu, ambaye siku hizi aliishi mwendo wa mabasi mawili kutoka hapo, alikuwa kibandani kwake akichekecha unga wa shiro. Alisema aliamka akijua duka liko wazi, akaona asichelewe. Mlango wa tatu, Gash Teferra, fundi cherehani aliyefariki wiki ile ya ubomoaji, alikuwa akipiga pasi.

"Suruali ya mumeo iko tayari tangu lini sijui," alimwambia Etagegnehu. "Hapa si ghala."

"Na mfuko umeushona safari hii?"

"Nimeushona, mama wee! Hata salamu hakuna?"

Etagegnehu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ukuta ukamhimili vizuri.

Kufikia alasiri habari zilikwisha kuenea, na majirani wakawa wanashuka mabasini na vigoda vyao mkononi. Mmoja alikuja na ngoma. Shida ilikuwa moja: mtaa uliishia pale madokezo ya Meklit yalipoishia, na choo hakikuwapo.

"Dada, mbwa wangu umemwandika, choo umekisahau?" alilalamika jirani mmoja, amebana miguu.

Meklit akakaa juu ya ndoo, akaandika. Wao walimtajia, wakibishana mlango ulitazama wapi. Msaidizi akasoma, choo kikawapo, foleni ikajipanga. Baadaye ngoma ikalia, na mabega ya wazee yakaanza kucheza kabla wenyewe hawajakubali.

Afisa ardhi alikuja na ramani, maana mlinzi wa maegesho alikuwa amepiga simu kwamba magari hayana pa kutokea. Wakamkaribisha. Alikula injera, akanywa kahawa hadi kikombe cha tatu, kile cha baraka, akacheza kidogo.

"Basi umeona mwenyewe, mwanangu," Etagegnehu alimwambia. "Mlisema hawa hawakuwa na nyumba hapa, mkawanyima haki ya kubaki."

Afisa akaikunjua ramani juu ya magoti. "Hapa ni maegesho."

"Na hapo ulipokalia?" Etete Zewditu aliuliza.

Akatazama chini. Alikuwa amekalia kizingiti cha kibanda cha bibi huyo. "Maegesho, mama," alisema kwa upole. Kisha akaomba shiro kidogo ya kumpelekea mkewe, na Etete Zewditu akampimia, tena akamwongeza.

Kila Jumamosi ikawa hivyo. Jua likielekea kuzama walikumbatiana, wakachukua vigoda, wakaenda kituoni wakiimba, kwa kuwa basi la pembezoni halingoji mtu. Ni Gash Teferra tu aliyelala nyumbani kwake.