Propela ya Mheshimiwa

Kabla Mbogo hajapanda ndege yake kwenda Bungoma kuomba kura, ilibidi kwanza apigwe picha. Propela ilikuwa imesimama mshazari, ikimkata uso kwenye kamera. Wapambe wake wawili wakaishika, wakaivuta kinyume mizunguko mitatu mpaka ikalala sawa. Jepkemboi, fundi wa ndege pale uwanjani Kitale, akasikia kitu kikisagika ndani kama meno kwenye changarawe.

"Nani amewaambia mrudishe propela nyuma?"

"Tulia, madam. Si ni picha tu?"

Jepkemboi akamgeukia Gathii, rubani. "Usiruke. Wamevunja pampu ya hewa."

Mbogo akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Ati pampu ya hewa! Hii ni baiskeli? Na wewe huna hata cheti, bana!"

Kweli, cheti hakuwa nacho. Alijifunza kwa kufungua pampu mbovu zilizotupwa. Ndani mna vibamba vya kaboni, vyepesi kuvunjika, vilivyoundwa kuzunguka upande mmoja tu. Injini huizungusha pampu, pampu hunyonya hewa kupitia mita za rubani, na hewa hiyo huzungusha vigurudumu vinavyomwonyesha mbingu iko wapi na ardhi iko wapi. Pampu ikifa, injini huendelea kunguruma vizuri kabisa. Mita ndizo huanza kudanganya, polepole. Hivyo ndivyo kaka yake, Kipkemei, rubani pia, alivyokufa mwaka wa 2014 ndani ya wingu la Mlima Elgon. Bosi wake naye alikuwa na haraka. Ya harusi.

Na leo mlima ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni.

"Gathii, ruka au utafute kazi nyingine," Mbogo akasema, akijifunga mkanda kando ya rubani.

"Washa tu, Gathii," Jepkemboi akasema. "Uangalie mita ya kunyonya. Ikisoma tano, kama pampu ni nzima, nitapiga magoti mbele ya hao wapambe."

Injini ikawaka. Sindano ikapanda kidogo, ikatetemeka, ikalala kwenye sifuri. Mbogo akagonga kioo kwa kidole chenye pete, kama anayeamsha askari wa getini. Sindano haikuamka.

Gathii akazima injini. Akashuka, akaweka ufunguo juu ya bawa. "Tafuta rubani mwingine, mheshimiwa."

Mheshimiwa akaenda kwa gari, akakuta Bungoma watu wameshakula na kwenda zao. Jioni alitangaza redioni kwamba amezuiwa na mvua.

Jepkemboi alikuwa ameshaifungua pampu. Akamimina vipande vyeusi ndani ya mkebe, akaandika juu yake tarehe na jina la Mbogo, akauweka kando ya ule wa 2014, wenye vipande vya pampu ya Kipkemei.

"Mvua!" akasema, akafyonya, akazima redio.