Ombi Limejitokeza Wazi

Siku ya kutoa zoezi nilisimama mbele ya Kidato cha Tatu nikawaonya: atakayeandikiwa barua na akili unde atanitambua. Barua, niliwaambia, hutoka kwa mtu ikaenda kwa mtu. Nilisema kwa ukali hasa, mimi Mwende, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka kumi na mmoja hapa Utange.

Zoezi lilikuwa barua ya kumwomba msaada mtu unayemheshimu. Madaftari sitini na mawili! Nilichoka kabla sijafungua la kwanza. Basi nikafanya kile tulichokatazwa kwenye semina: nikapiga kurasa picha, nikaipa akili unde isahihishe, kisha nikanakili alama na maoni yake kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu, ili yeyote asijue. Jumatatu nikayarudisha. Niliona haya kidogo, lakini ikapita.

Jumatatu iliyofuata Selpher Changawa hakuja. Jumanne pia hakuja. Ijumaa, baada ya vipindi, nikaenda kwao. Mamake alifariki mwaka jana, na tangu hapo anakaa kwa mjomba wake, Kazungu, fundi wa kujenga.

"Karibu, mwalimu," Kazungu alisema, akinifutia kiti. "Tulikungoja."

"Mliningoja? Selpher yuko wapi?"

"Yuko Bamba kwa mamangu. Mama haoni tena, hawezi kukaa peke yake."

"Na shule?"

"Mimi nilimwambia, mwalimu wako akija kukusemea, nitamtuma dadangu Phoebe mahali pako. Akasema ashakuandikia. Tukangoja hadi Jumapili, hukuja, nikampeleka. Sasa Phoebe kapata kazi Mtwapa, ashakwenda. Hakuna mwingine."

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliingia ndani akatoka na daftari. Nikasoma barua ile kwa mara ya kwanza.

"Kwa Mwalimu Mwende. Shikamoo. Hii si ya zoezi tu, mwalimu. Mjomba ataka kunipeleka Bamba Jumapili ya wiki ijayo nikamtunze nyanya, na nikienda sitarudi shule. Nakuomba uje useme naye kabla ya siku hiyo. Wewe atakusikia."

Chini yake, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu mzuri: *Muundo sahihi. Ombi limejitokeza wazi. Hongera. 17/20.*

Nilitamani kuichana karatasi ile. Kazungu alikuwa ashapiga simu Bamba, akanipa niongee.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Selpher, nisamehe mwanangu. Barua yako sikuisoma."

Nilisikia kuku wakilia uani kwao.

"Lakini ulinipa kumi na saba," alisema polepole. "Uliandika ombi li wazi. Niliposoma hivyo nilifurahi, mwalimu. Nikamwambia mjomba, ameelewa, atakuja. Kila jioni nilikuwa nakaa mlangoni."

"Si mimi niliyesahihisha."

"Basi alosoma ni nani?"

Kwa mbali sauti ya mwanamke mzee ikaita jina lake, ikiomba maji.

"Abee, nyanya, naja," Selpher aliitikia, akakata simu.