Kemshafti ya Clive

Clive aliibwaga kemshafti ya mashindano, kile chuma cha injini cha kufungulia vali, mezani kwa kishindo, chai ya fundi Mostyn ikamwagika.

"Funga hii. Na asije mtu akaniletea ngebe."

Hilary, dada yake, hakuitazama. "Nusu ya gari ni yangu. Hiyo Mini haina injini mbili, moja yako, moja yangu."

"Ndiyo maana nimechoka! Hutaki, tunaliuza. Leo hii."

Tangu baba yao afariki, gari lile dogo ndilo pekee lililowakutanisha. Kila kiangazi walilipeleka kwenye mashindano ya kupanda kilima, kaka akishuka, dada anaingia. Na msimu uliopita, kwa injini ileile, dada alimshinda kaka kila Jumapili. Klabu nzima ilicheka. Clive hakuwa na cha kusingizia.

Mostyn alipangusa meza. "Hii ni kali, bwana, lakini mzunguko wa injini ukishuka gari linakohoa tu. Ile ya kawaida inavuta tangu mzunguko wa chini."

"Ya wazee wa kwenda kanisani. Mfungie dada, saizi yake."

"Afadhali mzee wa kanisani anayefika kileleni."

Mostyn akacheka. Clive akamkata jicho.

Hilary angeweza kunyamaza. Alijua kaka yake anapopotezea muda: kona ya juu, kando ya ukuta wa mawe, ambako huachia mafuta mapema. Kwa kemshafti ile, gari lingezubaa palepale mbele ya watu wote. Angemshinda vibaya zaidi, na baada ya aibu hiyo Clive asingerudi tena.

"Funga tu, mimi nitaiendesha," alisema. "Ila wewe itakufia konani. Unaachia mafuta, Clive. Unaogopa ukuta."

Clive aliiva uso hadi masikioni. "Koma wewe! Nani anaogopa?"

"Wewe. Tangu siku ile ulipougonga."

Mvua ilipiga bati la gereji. Clive aliichukua kemshafti, akaigeuzageuza, akaisukumia ndani ya boksi lake.

"Weka ya wazee," alimwambia Mostyn. Akaenda zake hadi mlangoni, akasimama, mgongo kawapa. "Pale konani... wewe unakanyaga mafuta lini?"

"Mapema kuliko unavyodhani."

"Usinichekee, Hilary! Nimeuliza lini."

Hilary alichukua chaki ya fundi, akapiga magoti, akaanza kuichora ile kona sakafuni.