Soksi ya Kushoto Imeshuka

Mwalimu wa jiografia alikuwa mgonjwa wa filamu za kuimba. Si za mapigano wala za mizimu, bali zile za wanafunzi, ambapo mtu anaanza kulalamikia mtihani kama binadamu wa kawaida, kisha ghafla anaruka juu ya dawati na kuimba, na darasa zima linamwitikia kwa sauti nne kana kwamba lilikuwa likimsubiri. Mwaka huo akaapa kwamba shule yake nayo itatoa ya kwake. Mkuu wa shule akamkubalia kwa masharti mawili: kisipotee kipindi hata kimoja, na filamu ionyeshwe siku ya wazazi, wiki moja kabla ya shule kufungwa.

Masharti hayo ndiyo yaliyozaa kazi ya msichana mmoja aliyeitwa Karani. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu tangu darasa la kwanza aliandika kila kitu, hata vitu ambavyo mwalimu mwenyewe alikuwa amejikwaa tu kuvisema. Sasa, kwa kuwa walipiga picha wakati wa mapumziko ya saa nne na nusu saa baada ya kipindi cha mwisho, wimbo mmoja ulikatwakatwa vipande vya siku kumi na moja. Jumatatu nyota anaweka mguu mlangoni, Ijumaa anauingiza mguu wa pili ndani. Kama Jumatatu alikunja mikono ya shati na Ijumaa hakuikunja, watazamaji watauliza ni jini gani aliyempigia pasi pale kizingitini.

Kutazama picha za nyuma hakukuwezekana. Simu ya mwalimu ilikuwa na tumbo dogo. Kila jioni picha zilihamishiwa kwenye kompyuta ya shemeji yake, mpiga picha wa mtaani, kisha zikafutwa simuni ili kesho ipate nafasi ya kula tena. Kwa hiyo kumbukumbu ya filamu nzima, nani alivaa nini na alisimama vipi, ilikuwa ndani ya daftari moja la kurasa tisini na sita, na daftari hilo lilikaa kwapani mwa Karani.

Nyota walikuwa wawili. Wa kiume aliitwa Twiga kwa ajili ya shingo. Sauti alikuwa nayo, uzuri alikuwa nao, na habari za uzuri huo alikuwa nazo pia. Wa kike aliitwa Chiriku, na huyu angeweza kuongea hata akiwa na maji mdomoni. Chiriku na Karani walikuwa chanda na pete tangu chekechea. Wiki ya pili ya filamu Chiriku alimvuta mwenzake nyuma ya maabara, akatazama kushoto na kulia, akamwambia kwamba yale maneno ya kumpenda Twiga, yaliyoandikwa na mwalimu, yeye hayaigizi.

"Ni kweli kabisa, mwenzangu. Hata usingizi sina. Na ikijulikana, nitajua ni wewe, maana hata mto wangu wa kulalia sijauambia."

Karani akaapa kwa yote anayoweza kuapia mtoto wa kidato cha tatu.

Nyimbo zenyewe zilikuwa zimesharekodiwa ndani ya stoo ya vitabu, magodoro ya bweni yakiwa yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Siku ya kupiga picha wimbo uliwekwa kwenye spika, na waigizaji wakachezesha midomo. Mwenye spika alikuwa mvulana wa darasa lao, mtoto wa fundi redio, aliyeliunda lile dude mwenyewe kwa mabaki ya karakana ya babake. Walimwita Spika. Alikuwa mkimya, na kwa mtu anayetembea na spika hicho ni kichekesho cha kutosha. Mwalimu akihesabu "moja, mbili, tatu", Spika anabonyeza, shule nzima inatikisika, na yeye mwenyewe anatazama chini kama aliyevunja kikombe cha mgeni.

Mambo yaliharibika Jumatano ya wiki ya mwisho ya filamu. Karani alikwenda bombani kunywa maji, akaliacha daftari juu ya dawati. Kiranja wa darasa, kijana mwenye sauti ya mnadani, akalifungua akitafuta zoezi la hesabu la kunakili. Hakukuta hesabu. Akapanda juu ya kiti.

"Jamani, tulieni! Sikilizeni haya! 'Twiga. Kifungo cha pili kiko wazi. Kola imelala upande wa kulia. Soksi ya kushoto imeshuka. Jasho puani, kidogo tu.'"

Darasa likaangua kicheko. Kiranja akafunua ukurasa mwingine.

"'Twiga anatabasamu upande wa kushoto kwanza, halafu kulia. Nywele moja imesimama utosini.' Nywele moja, jamani! Mtu amehesabu nywele!"

Karani aliporudi, maji bado yakimdondoka kidevuni, alikuta wenzake wanapiga madawati na kuimba kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Twiga alikuwa ameegemea dirisha, mikono kifuani, akisema kwa unyenyekevu wa uongo kwamba yeye alishahisi mapema, ila hakutaka kumwaibisha mtu. Karani akacheka. Kweli alicheka, kwa sababu alidhani kila mtu anajua daftari lile ni la nini. Kisha akamwona Chiriku.

Chiriku hakuwa anacheka. Zaidi ya hayo, hakuwa anaongea, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea tangu ajue kusema "mama".

"Kurasa arobaini na tatu," akasema mwishowe, polepole. "Kiranja ametuhesabia. Na mimi nakuja kwako kila siku kukumwagia moyo wangu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Ni kazi, Chiriku! Mwalimu mwenyewe ndiye—"

"Mwalimu amekutuma uandike jasho?"

Akachukua mkoba wake, akahamia dawati la mbele kabisa, kwa wale wanaokaa karibu na ubao kwa sababu ya macho.

Jioni hiyo Karani alifika nyumbani akalia mpaka kwikwi ikamshika. Mamake, fundi cherehani, alikuwa anashona pindo la gauni, pini nne mdomoni. Alimsikiliza bila kuinua mguu kwenye pedali. Kisha akazitema pini kiganjani.

"Unaliona daftari langu la vipimo? Humo mna viuno vya wanaume mia mbili wa mtaa huu. Tumbo la mwenyekiti lilivyokuwa mwaka juzi na lilivyo sasa, yote nimeyaandika. Kuna aliyewahi kusema nawapenda? Kamwambie rafiki yako hivyo hivyo."

Karani akajifuta machozi. Hoja ilikuwa nzito, na alilala ameikumbatia.

Alhamisi asubuhi akamsubiri Chiriku getini, akaisema yote kama alivyoipokea, viuno mia mbili na tumbo la mwenyekiti. Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako anaandika 'anatabasamu kushoto kwanza'?"

Karani akalibana daftari kwapani.

"Basi," akasema Chiriku, akapita.

Hapo ndipo Karani alipofanya ujinga, na mimi simtetei. Alikwenda na lile daftari mpaka vyoo vya nyuma, akalichana vipande viwili, akalitumbukiza shimoni. Akasikiliza mpaka likatua. Alikuwa amejiambia kwamba daftari likiondoka, ugomvi utaondoka nalo. Ugomvi ulibaki pale pale, ila sasa ulikuwa na harufu.

Ijumaa mchana wakakusanyika mlangoni pa maktaba kwa kipande cha mwisho. Jumatatu nyota walikuwa wamepigwa picha wakiuingia mlango huo kutoka nje. Sasa walitakiwa waonekane wakitoka humo ndani, waimbe ubeti wa mwisho, na filamu iishe. Kesho yake ilikuwa siku ya wazazi. Chiriku alikuja kwa sababu mwalimu alimwita, akasimama kumpa Karani kisogo.

"Karani!" Mwalimu alikuwa anajifuta jasho kwa ramani. "Mkoba wa Twiga ulikuwa bega gani? Kitabu cha Chiriku mkono gani? Upesi, jua linakimbia."

"Daftari halipo, mwalimu."

"Liko wapi?"

Karani akasema liko wapi. Kiranja peke yake ndiye aliyecheka, na mwalimu alipomtazama, akageuza kile kicheko kuwa chafya.

Mwalimu akampigia shemeji yake simu. Shemeji alikuwa harusini, anapiga picha za watu wengine, na studio ameifunga. Mwalimu akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyefika stendi basi limeshaondoka.

"Lakini wewe uliona," akamwambia Karani. "Uliandika kwa mkono wako. Kumbuka."

Karani akamtazama Twiga. Alimtazama kuanzia viatu mpaka utosini, naye Twiga akamsaidia kwa kugeuka upande ule anaojipenda zaidi. Hakuna kilichokuja. Alijaribu soksi, hakuna. Alijaribu bega. Ilikuwa kama kuutazama ukuta uliopakwa chokaa jana.

"Sikumbuki, mwalimu."

"Anajifanya," Chiriku akasema bila kugeuka. "Kurasa arobaini na tatu, leo hakumbuki!"

"Kwa kuwa niliandika!" Karani akapaza sauti, na machozi yakamtangulia. "Naandika ndiyo nisahau! Nikishaandika kinatoka kichwani, nipate nafasi ya kingine. Sijui kola yake. Sijui tabasamu lake linaanzia wapi. Hata ukiniuliza ana macho ya rangi gani, sijui!"

"Ya kahawia," akasema Twiga, amekwazika kidogo.

"Sema chochote unachokikumbuka cha Jumatatu," mwalimu akamsihi. "Chochote, mwanangu. Tuanzie hapo."

Karani akafumba macho.

"Jumatatu Spika alisimama chini ya lile dirisha, kushoto kwa mlango. Waya aliuviringisha mkononi mara tatu, kwa sababu siku hiyo aliuleta ule mrefu. Kidole gumba kilikuwa na plasta, alijiunguza Jumapili akichomelea. Alikuwa ameazima kalamu yangu, ameichomeka sikioni. Twiga alipopita, mkoba ukampiga Spika pale pale sikioni, kalamu ikaanguka. Na Spika ndiye aliyesema samahani, kana kwamba sikio ndilo lililoufuata mkoba. Halafu Chiriku akaangusha kitabu, Spika akakiokota, akakifuta vumbi kwenye suruali, hii ya leo, yenye kiraka cha kijani gotini, akampa. Chiriku akakipokea kwa mkono wa kulia. Spika huwa anavuta pumzi kabla ya kubonyeza, Jumatatu alivuta mara mbili, nadhani—"

Akafumbua macho.

Mwalimu alikuwa ameshasimama. "Dirisha liko kushoto, mkoba ukampiga sikio. Basi mkoba ulikuwa bega la kushoto! Kitabu mkono wa kulia! Tumepona!" Akaanza kukimbia huku na huku kupanga watu. Alikuwa mtu mzuri na mwalimu mzuri, lakini zaidi ya mkoba hakuwa amesikia kitu.

Wengine walikuwa wamesikia. Kiranja alikuwa amekodoa macho pima. Twiga alitazama nyuma yake, kisha akatazama gotini pa Spika, kwenye kile kiraka, kama anayekiona kwa mara ya kwanza na hakukipenda. Spika mwenyewe alikuwa ameinamia nyaya zake, na masikio, lile lililopigwa na mkoba na lile lisilopigwa, yote yalikuwa ya moto.

Chiriku aligeuka. Uso wake ulikuwa unapita kwenye mambo mengi kwa wakati mmoja, na kicheko kilikuwa mwisho wa foleni, kinasukuma wenzake.

"Na mimi?" akauliza. "Jumatatu nilisuka nywele vipi?"

Karani akafikiri. "Sikumbuki."

"Rafiki yako tangu chekechea!"

"Nilikuandika pia. Kurasa hamsini na moja."

"Hamsini na moja?" Chiriku akajishika kiuno. "Zaidi ya Twiga?"

"Wewe unaongea sana. Mdomo wako unahitaji mistari mingi."

Kicheko kikawapita wote foleni. Chiriku akamrukia shingoni, nusura wabiringike ngazi zote sita, akacheka na kulia na kumpiga mgongoni ngumi ndogondogo. "Nisamehe. Nisamehe, mjinga wewe. Siku tatu sijaongea na mtu wa maana, nilikaribia kupasuka." Kisha akamnong'oneza sikioni, na mnong'ono wa Chiriku husikika mpaka jikoni: "Na mbona hukuniambia?"

"Sikuwa najua," akasema Karani. Na ilikuwa kweli tupu. Ndiyo kwanza alikuwa amejisikia mwenyewe akisema. Akatamani kalamu ashike kitu. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Akabaki na mikono mitupu na macho, na macho yakaenda moja kwa moja kulekule chini ya dirisha.

"Kila mtu mahali pake!" Mwalimu akainua simu. "Mkoba kushoto, kitabu kulia. Midomo tayari. Tunamaliza filamu, wanangu! Moja! Mbili! Tatu!"

Chiriku akafungua mdomo kuimba. Twiga akanyoosha shingo. Shule nzima ikangoja.

Hakikulia kitu.

"Tatu!" mwalimu akarudia. "Spika! Nimesema tatu!"

Watu wote wakageuka. Spika alikuwa amesimama wima, waya mkononi, kidole juu ya kitufe. Kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze hakuwa akitazama chini. Alikuwa anamtazama Karani.