Kawa Kwenye Foleni

Mume wangu Uweso alikuwa mbishi tangu ujanani, na mwaka ule wa kusaka walanguzi ubishi wake nusura unifanye mjane.

Malaria ya mara kwa mara ilikuwa imemvimbisha bandama. Dada Leticia, mganga wa zahanati, alimpapasa chini ya mbavu za kushoto, akatueleza:

"Damu ikifika hapa hupunguza mwendo. Ndani mna askari, wamekaa mkondoni wanaikagua. Yako imejaa, mzee wangu. Kiwiko kimoja tu, inapasuka. Foleni marufuku."

Mjukuu wangu anayesomea udaktari ananiambia leo kwamba askari hao huhisi damu inavyowavuta ikipita. Mvuto ukikoma, wanaondoka zao. Nikamwambia, basi hao ni sisi na foleni ya sukari.

Sukari ndiyo iliyomponza. Binti yetu Tuhfa alikuwa anaolewa Ijumaa, na duka la ushirika lilikuwa limepata magunia. Jiwe tulilolipanga kwenye foleni badala yetu lilishika nafasi mbele tangu alfajiri, lakini mlango ukifunguliwa, jiwe lisilo na mwenyewe hutupwa kando. Nikasema nichote maji kwanza, kisha niende. Niliporudi, Uweso hayupo, na kawa la kufunikia chakula halipo.

Nikamkuta dukani, kanzu imetuna ubavuni. Alikuwa amejifunga kawa langu kukinga viwiko. Siku zile kanzu iliyotuna ni kesi, na mgambo Maulid alishamfikia.

"Umeficha nini, mzee?"

"Bandama," akajibu Uweso.

Watu wakacheka. Maulid akaona anafanyiwa mzaha, akanyanyua rungu automase ule uvimbe. Kawa ni ukindu tu, lisingezuia rungu. Nikajipenyeza, nikaipandisha kanzu ya mume wangu hadi kidevuni, mbele ya wakwe zetu waliokuwa foleni. Kawa likaanguka, uvimbe ukabaki wazi.

"Ni mgonjwa," nikasema. "Ukimgusa hapo umemuua."

Maulid akashusha rungu. "Shikamoo, mzee. Nenda kapumzike. Kawa litakushikia nafasi."

Mchana akatuletea sukari ndani ya kawa hilohilo.

Uweso alikuwa amenuna barazani. "Mama Tuhfa, umeniaibisha. Wakwe wameiona shuka yangu ya ndani yenye viraka."

Nikamkorogea chai kwa sukari ya harusi.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha, Baba Tuhfa. Yako acha waijue wote."

Akanywa, akaniomba kikombe cha pili.