Mwiba wa Tanga

Nilifundisha sayansi miaka thelathini na mitano katika shule za msingi za huku Kilema, na kama kuna anayetaka kujua mwalimu anaweza kudanganya kwa muda gani bila kushtukiwa, aje aniulize mimi, Sirili. Naandika haya mguu wangu wa kulia ukiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Nimestahili.

Uongo wenyewe ulianza kabla ya ndoa. Nilipokuwa namchumbia Mektrida, nilimwambia kwamba kabla ya kuhamishiwa huku nilifundisha Tanga miaka miwili, karibu kabisa na bahari. Ukweli ni kwamba miaka hiyo nilikuwa Singida, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa ya bwawa la ng'ombe. Lakini mwenzangu aliyekuwa akimfuata Mektrida alikuwa na pikipiki. Mimi nilikuwa na kitabu kimoja cha viumbe wa baharini, nikakitumia.

Niliyempenda zaidi humo ni nungu wa baharini, yule wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, anayeishi kwenye miamba ya pwani. Watu wa huko wana jina lao la kumwita. Mimi nilikuwa na hilo la kitabuni tu, na kwa hilo pekee mtu makini angenishtukia. Nilimsimulia Mektrida kwamba kila nungu hujichimbia shimo lake kwenye mwamba kwa meno na miiba, usiku hutoka kwenda kula mwani, na kabla hakujapambazuka hurudi kwenye shimo lake lilelile. Nikaongeza la kwangu, kwamba nimekaa juu ya mwamba nikawaona wakirudi mmoja mmoja.

Tulipoteza watoto wawili kabla ya Evelyn. Wa pili alipofariki, Mektrida alilazwa wiki nzima na hakutaka kusema na mtu, hata padri. Mimi aliniambia neno moja tu, nimsimulie wale wanaorudi. Nikamsimulia kila jioni, saa ya kuona wagonjwa, mpaka alipoweza kunywa mtori wa ndizi na kurudi nyumbani. Nilijisifu moyoni kwamba uongo wangu umegeuka dawa.

Evelyn sasa yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, Dar es Salaam, anasomea viumbe wa baharini, na kila anayemuuliza kwa nini humjibu kwamba ni kwa sababu ya baba yake. Likizo iliyopita alitutolea simu mezani atuonyeshe video. Nungu alikuwa akitembea juu ya mwamba kwa vijiguu vyembamba kama nyuzi. Kivuli cha mkono kilipompitia, miiba yake yote iligeuka ikaelekea pale kivuli kilipo. Mwenzake alikuwa amejitwika vipande vya kombe na mwani. Evelyn akaniuliza wa kwangu wa Tanga walikuwa wakijitwika nini.

Ningesema sikumbuki, yangeisha. Badala yake nikatoa sauti ya darasani, nikasema nungu wa Tanga hawajitwiki kitu, na miiba yao haigeuki, imesimama tu kama ya mchongoma. Evelyn akainamia bakuli lake. Mektrida ndiye aliyenitetea, akamwambia binti yetu kwamba baba yake ameishi nao, na hao wa kwenye simu bila shaka ni wa Ulaya.

"Nimewapiga picha mwenyewe, mama," Evelyn alisema polepole. "Tanga, mwezi wa tatu."

Hakuna aliyenicheka. Mektrida aliniongezea mtori. Aibu iliyonipata pale sikuwahi kuipata hata siku mkaguzi aliponikuta nimelala ofisini.

Evelyn aliporudi chuoni, nilimwambia mke wangu kwamba nakwenda Holili kumwona Ebenezeri, mwalimu mwenzangu wa zamani, kwamba anaumwa na nitalala huko siku mbili. Nilipofika Himo nikapanda basi la Tanga. Nilikuwa na miaka sitini na nne, nakwenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza, na nilijificha nyuma ya gazeti kama mwizi wa kuku.

Niliwakuta kweli. Maji yalikuwa yamekupwa, na kwenye mwamba kulikuwa na vidimbwi, na ndani ya vidimbwi mashimo, na ndani ya mashimo wao, weusi, kila mmoja kwake. Niliinama. Kivuli changu kilipowaangukia, miiba yote ikanigeukia mimi. Nilijiona nimesimama mbele ya darasa zima lililoninyooshea vidole. Nikarudi nyuma bila kuangalia, tena peku, nikamkanyaga mmoja.

Nyumbani nilisema nimechomwa na mchongoma wa ua wa Ebenezeri. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba, na Mektrida akanipeleka kwenye zahanati moja pale Himo. Tabibu aliitwa Swaleh. Aliniamkia vizuri, akanisafisha unyayo, akaona vile vidoa vyeusi vya zambarau, akacheka kwa upole.

"Mzee wangu, bahari umeiacha lini?" aliniuliza. "Mimi nimezaliwa Tanga. Miiba hii naijua."

Mektrida alikuwa amesimama nyuma yake, kanishikia kiatu. Alisikiliza maelezo yote, maji ya moto mara tatu kwa siku na siki kidogo, akashukuru. Tulipotoka nje alimpigia simu Ebenezeri, akamkuta mzima wa afya, anapogoa kahawa zake. Akaniuliza huyo mwanamke anaitwa nani.

Nilinyamaza. Siku nne nilinyamaza, na nitasema kwa nini, maana ndiyo sehemu inayonichoma kuliko mwiba. Niliona heri nidhaniwe mzinzi kuliko kujulikana mwongo. Habari zilitangulia mpaka kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na Wenseslaus, mnywaji mwenzangu ambaye miaka yote ananiita mseminari, akanipa kata kabla ya wengine na kunikonyeza. Nami nikatabasamu. Nyumbani mke wangu alikuwa akinikanda mguu bila kuniangalia usoni, na mimi huko nilitabasamu.

Siku ya tano asubuhi nilimkuta barazani amefunga nguo zake kwenye kitenge. Alikuwa anakwenda kwa kaka yake, Kibosho, na hakusema atarudi lini.

"Mama Evelyn," nilisema, "hakuna mwanamke. Nilikwenda kuiona bahari. Nilikuwa sijawahi kuiona."

Alikaa juu ya lile furushi. Nilidhani atacheka, na kwa kweli nilitamani acheke.

"Hata kule hospitali, uliponisimulia?"

"Hata kule."

Alitazama migomba. Kisha akasema, "Mwanamke ningekusamehe, Baba Evelyn. Wanangu wale wawili nimewaweka mle, kwenye mashimo yale. Miaka yote hii kila alfajiri nikiamka nawaona wamerudi."

Niliona aibu ya mtu aliyeingia kanisani na viatu vyenye tope, akagundua tope limefika mpaka altareni.

"Sasa umewaona kwa macho yako," alisema. "Wanarudi kweli?"

Jibu nilikuwa nalo, na sauti ya darasani ya kulisemea ninayo. Kitabu kinasema hurudi, nami ningeweza kusema nimeona, naye angefungua furushi lake abaki.

"Sijui," nilisema. "Niliwakuta mchana, wametulia. Maji yakaanza kujaa, nikaondoka. Sikumwona hata mmoja akirudi."

Mektrida alichukua simu akampigia Evelyn. Akaingia nayo katikati ya migomba, mbali, nisisikie. Alikaa huko mpaka jua likafika barazani. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Hakuniambia alichojibiwa. Alirudisha furushi ndani, akaniletea beseni na birika la maji ya moto, akaviweka chini mbele yangu, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Hii ni wiki ya pili sasa. Najikanda mwenyewe. Kumuuliza Evelyn alimjibu nini mama yake, sijathubutu.