Ulimi wa Martina

Kangara ya Bi Filomena, pombe ya pumba na sukari, ilisifika tangu Mgeta mpaka Bigwa, lakini siri yake haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa kwenye ulimi wa binti yake. Filomena alibwia ugoro tangu usichana, ulimi ukafa ganzi. Tamu na chachu kwake yakawa mamoja. Kwa hiyo Martina aliposhika mimba ya kwanza, mama yake alifurahi mara mbili, maana aliamini mjamzito hadanganyiki kwa ladha. "Onja, mwanangu," alimwambia kila siku ya kupika, pipa hadi pipa, na kuonja kwa Bi Filomena kulikuwa kunywa kata nzima.

Mtoto akazaliwa Pasaka, akaitwa Paskalia. Sasa alikuwa na miaka minane na umbo la mtoto wa mitano. Serikali iliposema kila mtoto asome, naye akaandikishwa. Asubuhi alizijua herufi, mchana zimeshayeyuka. Mwalimu akamchapa, akidhani ni ukaidi. Kijijini wakasema amerogwa. Mwishowe Martina, aliyekuwa na mimba nyingine ya miezi minne, akasema, "Mama, nisindikize mjini. Nataka kujua." Wakadandia lori la kabichi, watatu, wakateremka Morogoro.

Daktari Pazi, kijana aliyetoka masomoni karibuni, alimwamkia Filomena shikamoo kabla ya kugusa chochote. Akampima mtoto kichwa kwa utepe, akautazama mdomo wake wa juu, mwembamba, usio na kijifereji chini ya pua. Kisha akauliza taratibu:

"Dada Martina, ulipokuwa na mimba yake, ulikunywa pombe?"

Filomena akainamia sakafu.

"Nilikunywa, Daktari," Martina akajibu. "Mimi."

Filomena alingoja asikie "mama ndiye aliyenipa." Neno hilo halikuja, na kutokuja kwake kulimchoma kama kaa la moto. Naye hakufumbua kinywa.

"Ugonjwa huu umepewa jina miaka michache tu iliyopita," daktari akasema. "Nami nimeusoma kwenye jarida. Pombe ya mama humfikia mtoto tumboni, na ubongo wake bado mchanga. Dawa ya kumrudisha hakuna, sitawadanganya. Ila msimchape. Mwambieni jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno yale yale. Mwalimu nitamwandikia barua. Na mimba hii, dada, hata tone."

Njiani kurudi, juu ya magunia matupu ya lori, Filomena akanong'ona, "Mbona hukunitaja?"

"Nikutaje ili iweje, mama? Hukujua."

Hakujua, kweli. Lakini ukweli huo haukumpa usingizi.

Sabasaba ikafika, na kijiji kizima kilingoja kangara. Martina, kwa mazoea tu, akainua kata. Filomena akampokonya, akaonja mwenyewe, asihisi kitu.

Kilabuni, Gabrieli, balozi wa nyumba kumi, alipiga funda moja akatema. "Bi Filomena! Sikukuu unatupikia siki? Au mwonjaji wetu kagoma?"

"Kawa mtawa!" mwingine akadakia, watu wakaangua kicheko.

"Aache tu," sauti ikatoka nyuma. "Kwa mtoto aliyetuzalia yule!"

Martina akamvuta Paskalia karibu. Filomena angeweza kusema sukari haipatikani. Mwaka ule wa uhaba, nani asingeamini? Maneno yalishafika mdomoni. Akayameza, akasimama.

"Hakugoma. Nimemkataza mimi. Ile mimba ya Paskalia, nilimnywesha mimi kila nilipopika, kwa kuwa ulimi wangu umekufa. Pombe ikamwingia mtoto tumboni, ikamharibu. Daktari ametuambia. Mnayemcheka siye. Mkosaji ni mimi."

Gabrieli akaangalia kopo lake kama halijui. Pembeni, Scholastika, mkwe wa balozi huyo, mwenye mimba ya kwanza, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi, bibi?"

"Na wewe, mjukuu wangu. Hata tone."

Scholastika akatua kopo chini.

Filomena akatafuta pa kukaa. "Paskalia," akaita, "niletee kigoda."

Mtoto akaenda, akafika katikati ya watu, akasimama. Alikuwa amesahau. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kigoda," bibi akarudia, kwa sauti ile ile.

Akakileta.